Kulainisha kingo za picha mnato ndani ya video: uchague njia ipi?

Ukiweka picha ya wima katikati ya video ya mlalo, jicho la mtazamaji hukimbilia kwanza ile mistari miwili ya pembeni ambako picha inakatika ghafla, ndipo lirudi kwa mtu aliyemo. Ndiyo maana mafundi wa video za sendofu, za harusi na za kumbukumbu ya marehemu hulainisha kingo: picha inayeyuka taratibu ndani ya kile kilicho nyuma yake, na sura ya mtu inabaki kuwa ndiyo habari. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kinachosumbua ni kuchagua, kwa sababu njia ziko walau tano, kila moja ina watu wanaoiapia, na zikiwekwa bega kwa bega matokeo yake hayafanani hata kidogo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Usianze na swali la una programu gani. Anza na maswali mawili: nyuma ya picha kutakuwa na nini, na je, picha itatulia au itatembea? Ukishayajibu hayo, njia kadhaa zitajiondoa zenyewe, na programu uliyonayo, hata kama ni ya simu, karibu kila mara itaweza kufanya ile iliyobaki.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitapitisha picha ileile kwenye kila njia. Chukua picha ya kuchapwa ya inchi 4 kwa 6, ya wima, yenye ule mpaka mweupe wa karatasi kuizunguka, iliyoskaniwa kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Faili lake lina pikseli 2400 kwa 3600. Ili iingie yote ndani ya video ya pikseli 1920 kwa 1080, inabidi ishushwe hadi asilimia 30. Inakuwa 720 kwa 1080, na kila upande panabaki utupu wa pikseli 600. Ndani yake mama amesimama katikati, na mtoto wa kiume yuko kulia kabisa, bega lake likikaribia mwisho wa picha. Hilo bega litatuamulia mambo mengi.

Mambo yanayoharibu kazi kwa njia yoyote

Kulainisha ukingo si kuutia ukungu. Ukungu huchanganya rangi za pikseli jirani mpaka sura zisitambulike. Ulainishaji hauzigusi rangi. Unapunguza tu uzito wa pikseli hatua kwa hatua, kutoka kuonekana kabisa hadi kutoonekana. Wapiga picha wa enzi za filamu walilifanya hili kwa mkono. Ndani ya chumba cha giza walikata tundu la duara dufu kwenye kadi, wakaishika kati ya lenzi ya mashine ya kukuzia na karatasi, wakaitikisatikisa wakati mwanga unapita. Picha ilitoka imefifia pembeni na kuishia kwenye weupe wa karatasi. Programu za leo hufanya hivyohivyo kwa namba: kila pikseli hupewa kiwango cha uwazi, kwa kawaida kati ya 0 na 255.

Jambo la kwanza linaloharibu ni ule mpaka mweupe. Ukianza kulainisha kabla ya kuukata, kinachofifia si picha, ni karatasi. Matokeo yake ni utando mweupe unaoizunguka picha kama moshi, na juu ya mandharinyuma meusi unaonekana hata kwa mtu aliyekaa meza ya mwisho ukumbini. Kata mpaka wote kwanza, na ukate na nywele mbili tatu za ziada, kwa sababu karatasi za zamani zina kingo zilizogeuka njano na skana huacha kivuli.

La pili ndilo linalowachanganya wengi. Kwenye programu nyingi ulainishaji wa maski, yaani umbo linaloamua sehemu ipi ya picha ionekane, hugawanyika pande mbili za mstari wa umbo hilo, karibu nusu ndani na nusu nje. Ukiweka mstari wa maski juu ya ukingo wenyewe wa picha, ile nusu ya nje haina kitu cha kuonyesha, kwa hiyo picha inafifia hadi katikati halafu inakatika. Utaona ukingo unaoonekana laini kwa mbali, lakini una mstari mwembamba mkali mwishoni. Watu huongeza namba ya ulainishaji wakidhani haitoshi, na mstari hauondoki. Dawa ni kuvuta maski ndani, kwa kiasi kisichopungua nusu ya ulainishaji uliouweka. Katika Premiere Pro, programu ya kuhariri video kwenye kompyuta, hilo hufanywa na kitelezi cha “Mask Expansion” kikipewa namba hasi. Kwenye programu za simu unaibana maski kwa vidole.

La tatu ni la picha zinazojaza urefu wote wa skrini, kama hii yetu. Ukilainisha pande zote nne, juu na chini patatokea vipande vya giza vinavyofifia, na picha itaonekana kama inaelea bila sababu. Kuna tiba mbili. Ama ulainishe kushoto na kulia tu, ama uikuze picha kidogo, tuseme hadi asilimia 112 ya ule ukubwa unaoiingiza yote kwenye fremu, ili kingo za juu na za chini zitoke nje ya fremu. Ukikuza, angalia usikate kichwa cha mtu.

Njia ya kwanza: kuilainisha picha kabla haijaingia kwenye video

Hapa unafungua picha kwenye programu ya picha kama GIMP au Photoshop, unailainisha huko, unaitoa kama PNG, aina ya faili inayohifadhi uwazi, kisha unaiweka kwenye taimlaini ya video ikiwa tayari. Kwenye GIMP unachora uteuzi wa mstatili ukiwa umeweka alama kwenye “Feather edges”, unahakikisha picha ina chaneli ya alfa (ile inayobeba uwazi), unageuza uteuzi, unafuta. Kwenye Photoshop ni bora kugeuza uteuzi kuwa maski ya leya, kisha kutumia kitelezi cha “Feather” kwenye paneli ya sifa, maana hapo unaweza kubadili mawazo kesho bila kuanza upya.

Faida yake kubwa ni udhibiti. Kwa bega la yule mtoto, hakuna njia inayoishinda: unaweza kuchukua brashi laini, ukafifisha upande wa kushoto kwa upana, upande wa kulia ukafifisha kidogo tu, na ukapita kwa mkono kandokando ya bega bila kuligusa. Faida ya pili ni kwamba picha hiyo itafanya kazi kwenye programu yoyote inayokubali PNG yenye uwazi.

Hasara zake zina hesabu ndani yake. Ulainishaji uliofanywa kwenye faili kubwa hupungua faili linaposhushwa. Ukitaka kwenye video uonekane wa pikseli 40, na picha inashushwa hadi asilimia 30, kwenye GIMP inabidi uweke takriban 133. Mtu akiandika 40 akiangalia picha kubwa kwenye kioo cha kompyuta ataridhika, kisha kwenye video atapata 12, na 12 kwenye projekta ni kama hakuna kitu. Halafu JPEG haihifadhi uwazi. Ukikosea ukatoa JPEG, unapata picha yenye pembe nyeupe au nyeusi na kazi yote imepotea. Jambo hilohilo hutokea ukimtumia mwenzako PNG kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inageuzwa. Itume kama hati.

Kwa picha tano au sita za thamani, njia hii ni ya kifalme. Kwa picha themanini za sendofu, ni adhabu.

Njia ya pili: maski ndani ya programu ya video

Hii ndiyo njia ya katikati, na kwa kazi nyingi ndiyo ninayoipendekeza. Picha inabaki kama ilivyo. Unachoweka ni umbo linaloamua sehemu ipi ionekane, na umbo hilo lina ulainishaji wake.

Premiere Pro inaweka maski chini ya “Opacity”: duara dufu, mstatili au kalamu ya kuchora umbo lako. Ulainishaji huanza na 10, ambayo kwa video ya 1080 ni kidogo mno. Mimi huanzia 40 na mara nyingi huishia 60. Kulainisha pembeni tu, punguza ukubwa wa mwonekano kwenye dirisha la video, kisha buruta pointi za juu na za chini za mstatili mpaka zitoke nje ya fremu. Final Cut Pro ina “Shape Mask” yenye vitelezi viwili, kimoja cha upana wa ulainishaji na kingine cha jinsi unavyoshuka, na hicho cha pili ni zawadi: unaweza kufanya picha ibaki imara mpaka karibu na mwisho, ndipo ififie haraka. Shotcut, ambayo haina malipo na haihitaji kompyuta kubwa, ina kichujio cha “Mask: Simple Shape” chenye ulaini wake.

Kwenye simu, CapCut ina maski za duara, mstatili, na ile ya mistari miwili sambamba ambayo wengi huipita bila kuigusa. Kwa picha ya wima hiyo ya mistari miwili ndiyo hasa inayotakiwa: izungushe isimame wima, itanue mpaka mistari yake ikaribie kingo za kushoto na kulia, kisha vuta kile kishale kidogo cha ulainishaji. Juu na chini hapaguswi kabisa. KineMaster nayo, ukiweka picha kama leya, ina maski ndani ya sehemu ya kukata, pamoja na kitelezi cha kulainisha.

Nguvu ya maski ni kwamba unabadilisha ukiwa unaona matokeo kwenye fremu yenyewe, juu ya mandharinyuma yenyewe. Udhaifu wake ni bega la mtoto. Duara dufu litalimeza. Mstatili utalifuta nusu. Kwenye Premiere au Final Cut unaweza kuchora umbo linalolizunguka, lakini maski ya kuchora kwa picha moja haifai kunakiliwa kwenye picha nyingine, kwa hiyo umerudi kwenye kazi ya mojamoja.

Hapa ndipo swali la mwendo linapoingia, na linastahili kusimama kidogo. Video za picha mnato karibu zote hutumia mwendo wa taratibu: picha inakuzwa kutoka asilimia 100 hadi 110 au 115 kwa sekunde tano. Je, ukingo laini ukue pamoja na picha, au ubaki pale ulipo kama dirisha, picha ikisogea ndani yake? Haya ni mambo mawili tofauti kwa macho. La kwanza linaonekana kama picha inakuja kwako. La pili ni tulivu zaidi. Mtazamaji anahisi yeye ndiye anayesogea kuitazama. Kwa kumbukumbu ya marehemu mimi huchagua la pili kila mara. Kwenye Premiere, ukitumia vitelezi vya kawaida vya “Motion”, maski husafiri na picha. Ukitaka dirisha libaki, acha “Motion” kama ilivyo, weka efekti ya “Transform” na ufanye mwendo humo. Picha itasogea, maski haitasogea. Kwenye programu nyingine, funga picha yenye mwendo ndani ya klipu moja ya pamoja, kisha weka maski juu ya hiyo klipu.

Njia ya tatu: efekti ya ukingo au kukata kulikolainishwa

Hii ni njia ya haraka kuliko zote ndani ya kompyuta. Premiere ina efekti iitwayo “Edge Feather”, kwenye kundi la “Transform”, yenye kitelezi kimoja tu. DaVinci Resolve, hata toleo lisilo na malipo, ina sehemu ya “Cropping” kwenye paneli ya kulia: unakata kushoto na kulia, halafu chini yake kuna “Softness”, ambayo inakwenda pande mbili za sifuri, upande mmoja ukififisha kuelekea ndani na mwingine kuelekea nje. Hakuna umbo la kuchora, hakuna pointi za kuburuta.

Ukilinganisha na maski, unachopoteza ni umbo: unapata mstatili tu, basi. Unachopata ni wepesi wa kuigawa kazi kwa picha zote. Rekebisha picha moja mpaka uridhike, inakili, chagua zilizobaki, bandika sifa zake peke yake. Picha themanini za ukubwa mmoja zinakwisha kabla chai haijapoa. Lakini sharti ni hilo la ukubwa mmoja. Ukichanganya picha za simu za 3 kwa 4, za kuskani za 2 kwa 3, na zilizokatwa mraba kutoka Instagram, namba ileile ya ulainishaji itatoa upana tofauti kwa kila aina, na mtazamaji ataona kwamba kuna kitu hakilingani ingawa hataweza kukitaja. Zigawe kwa makundi ya vipimo, nakili ndani ya kundi.

Resolve yenyewe inadai kompyuta yenye misuli. GB 16 za RAM ndicho kiwango cha kuanzia cha kufanya kazi kwa raha. Kwa mtu mwenye kompyuta ndogo ya ofisini, Shotcut na njia ya maski itamtendea haki zaidi.

Njia ya nne: pazia moja juu ya zote

Njia hii haisemwi sana, na kwa kazi fulani inazishinda zote. Badala ya kulainisha kila picha, unatengeneza PNG moja ya 1920 kwa 1080 yenye rangi ya mandharinyuma, katikati ina tundu lenye kingo laini. Unaiweka kwenye treki (safu ya taimlaini) ya juu kabisa, unainyoosha kutoka mwanzo hadi mwisho wa sehemu ya picha. Picha zote zinapita chini yake.

Mwendo unakuwa wa dirisha bila kufanya lolote. Picha mbili zikipishana, zinapishana ndani ya tundu lilelile, kwa hiyo kingo hazichezi. Tofauti hii ni kubwa. Picha mbili zilizolainishwa kila moja kwa maski yake, zikiwa kwenye treki mbili na kila moja imefika nusu ya kuonekana, huacha robo ya mandharinyuma ipenye kati yao, na katikati ya kupishana video inaonekana kama imepungukiwa mwanga. Pazia linaondoa tatizo hilo, kwa sababu picha ya chini inaweza kubaki imekaza wakati ya juu inaingia. Na mteja akisema anataka rangi ya kijani ya kamati badala ya damu ya mzee, unabadilisha faili moja.

Masharti yake ni magumu vilevile. Mandharinyuma lazima yawe rangi moja au picha iliyotulia. Huwezi kuweka video ya maua yanayopepea nyuma. Umbo ni moja kwa picha zote, wima na mlalo haziwezi kushiriki tundu moja, kwa hiyo utahitaji mapazia mawili na kupanga picha zako kwa vipindi. Kwa video ya historia ya mtu, ambayo picha zake za utotoni ni za kuchapwa na zote zina umbo linalokaribiana, hii ndiyo njia yangu.

Njia ya tano: nakala yenye ukungu nyuma

Hii wengi wanaijua kwa sababu simu huifanya zenyewe: CapCut na InShot hujaza utupu wa pembeni kwa nakala ya picha ileile iliyokuzwa na kutiwa ukungu. Kingo za picha ya mbele zinabaki kali. Yaani, kwa haki, si ulainishaji wa kingo. Naiweka hapa kwa sababu inatatua tatizo lilelile na kwa sababu ya yule mtoto wa kulia: hakuna bega linalopotea. Kwa picha za darasa, za kwaya, za ukoo mzima uliojipanga kwa safu mbele ya nyumba, ambapo mtu wa mwisho kila upande ana haki ya kuonekana kama wa katikati, acha kingo zilivyo na uchague hii. Kumfifisha shangazi wa mtu kwa ajili ya urembo si jambo dogo, na familia italiona kabla ya kuona kitu kingine.

Ikiachwa kama programu inavyoitoa, huwa na kasoro: nakala ya nyuma inang’aa sawa na picha ya mbele, na sura kubwa yenye ukungu inashindana na sura halisi. Ukiwa kwenye kompyuta, itengeneze mwenyewe. Nakili picha kwenye treki ya chini, ikuze mpaka ijaze upana (kwa picha yetu ya 720, ni zaidi ya mara mbili na nusu), tia ukungu mwingi, punguza mwanga kwa karibu nusu, punguza na rangi kidogo. Ukitia ukungu kwenye Premiere, weka alama kwenye “Repeat Edge Pixels”, la sivyo ukungu utakula kingo za fremu yenyewe.

Kisha, na hapa ndipo njia mbili zinapooana, weka juu yake picha iliyolainishwa pembeni kwa pikseli 30 tu. Kwa kuwa rangi za nyuma zimetoka kwenye picha yenyewe, ukingo haufifii kuelekea utupu, unafifia kuelekea ndugu yake. Ulainishaji mdogo unatosha, bega linabaki, na mistari ile miwili haipo tena. Kama ningeambiwa nichague muonekano mmoja kwa kazi zote, ningechagua huu.

PowerPoint nayo

Isidharauliwe. Ofisi nyingi na makanisa mengi hawana programu ya video lakini wana PowerPoint, na ndani yake kuna “Soft Edges” chini ya efekti za picha, kuanzia pointi 1 hadi 50 kwenye machaguo yaliyo tayari. Ukitumia “Photo Album” kwenye menyu ya kuingiza, ukachagua mpangilio wa picha moja kwa slaidi na si ule wa kujaza slaidi, unaweza kuchagua fremu ya mstatili wenye kingo laini na ikawekwa kwenye picha zote mara moja. Unatoa video ya MP4 kwenye sehemu ya “Export”. Huna udhibiti wa kweli juu ya muziki na mwendo, na pande zote nne hulainishwa sawa. Kwa ibada ya kesho asubuhi yenye picha ishirini, inatosha.

Kwa kazi gani, njia gani

Sendofu yenye picha nyingi za simu, unahariri kwa simu: CapCut, maski ya mistari miwili iliyosimama wima. Ukishaitengeneza ya kwanza vizuri, inakili hiyo klipu, kisha tumia “Replace” kuingiza picha inayofuata. Maski inabaki ilipo. Sendofu hiyohiyo kwenye kompyuta: kukata kulikolainishwa kwa Resolve, kwa makundi ya vipimo.

Kumbukumbu ya arobaini au ya mwaka, picha chache za zamani, nyingine zimechanika pembe: anza na njia ya kwanza. Pembe iliyochanika unaweza kuifanya ifie ndani ya ulainishaji, upande ule tu unaohitaji, jambo ambalo mstatili wa kawaida hauwezi. Kisha zipitishe chini ya pazia moja lenye rangi ya giza tulivu.

Picha nyuma yake kuna video inayotembea, kwa mfano picha ya bibi harusi juu ya video ya bahari: maski au PNG, hakuna kingine. Hapo ongeza ulainishaji, hata hadi 100, kwa sababu mwendo wa nyuma huvuta macho kwenye mpaka na mpaka mwembamba hujitokeza zaidi kuliko ungekuwa juu ya kitu kilichotulia. PNG ikionekana na uzi mweusi au mweupe kuizunguka, programu inausoma uwazi wake kivingine. Kwenye Premiere rekebisha hilo kwenye “Interpret Footage” badala ya kuilainisha picha upya.

Mwisho angalia video inakwenda wapi. Projekta haitoi weusi wa kweli; weusi wake ni mwanga uliopo ukumbini, na taa zikiwa zimewashwa nusu ya giza ya ulainishaji wako haionekani, kwa hiyo picha huonekana nyembamba kuliko ulivyoipanga. Kwa ukumbi, usififishe picha kwenye rangi nyeusi. Tumia ukungu wa nyuma au rangi ya kati. Video ya kutumwa kwa WhatsApp ina shida nyingine: inabanwa tena, na ulainishaji mpana juu ya rangi moja ya giza hugeuka ngazi za viboksi. Tia chembechembe kidogo, kama zile za filamu, kwenye mandharinyuma kabla ya kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, punguza upana wa ulainishaji, na faili la mwisho mtumie mteja kama hati, kwani tangu 2022 WhatsApp inapokea hati hadi GB 2 na haiigusi ndani yake.